Mchanga Uliolindwa na Mgambo

Bi. Saada tulimzika kijijini Binza, nyumbani kwa mtoto wa dada yake, siku ya jua kali ambayo hata wachimba kaburi walifanya kazi kwa zamu. Nilikuwa nimeketi mkekani na wanawake wenzangu, tukila wali wa msiba, mzee mmoja mrefu aliponijia akiegemea fimbo ya kuchungia ng'ombe. Alichuchumaa mbele yangu kwa shida, akaniita mwalimu. Sikumtambua mpaka alipocheka. "Mimi Masunga," alisema. "Yule mgambo. Ule mchanga wenu ulinifukuzisha kazi." Wanawake walimtazama, wakadhani anazungumzia mchanga wa kujengea. Nilitaka kuwaeleza, nikaona siwezi kueleza mambo yale kwenye sahani ya msiba, nikamshika mkono tu. Usiku huo sikulala vizuri. Si kwa sababu ya Bi. Saada peke yake, maana aliishi miaka mingi na alikufa akiwa na watu wake. Nilikuwa nikiufikiria ule mwaka mmoja niliokaa nyumbani kwake Bariadi, mwaka ambao kila mtu chini ya paa lile alikuwa akimchunguza mwenzake, na mimi nikiwemo.

Nilifika Bariadi wakati watu walikuwa bado wanahamishiwa katika vijiji vya ujamaa. Njiani uliona mahame, kuta zisizo na paa, na uzio wa minyaa ukizunguka mahali ambapo hapakuwa tena na mtu wala mbuzi. Nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, na shule haikuwa na nyumba ya kunipa, kwa hiyo nilipanga chumba nyuma ya duka la Mzee Hamisi. Yeye alikuwa mtu wa Ujiji, mkewe Bi. Saada wa Tabora, na hawakuwa na mtoto. Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo la mbao lililotazama uani, kitanda cha kamba, na ukuta wa udongo ambao haukufika juu kabisa, kwa hiyo harufu ya jikoni na maneno ya sebuleni vyote viliingia kwangu bila kubisha hodi. Kati ya duka na ua ndipo ilipokuwa sebule. Ilikuwa na giza kidogo hata mchana, na ulipoingia kutoka nje ulisimama kwanza ili macho yazoee. Kisha uliona kitu ambacho sikuwahi kukiona popote katika nchi ile: sanduku la vioo, refu kama kitanda cha mtoto, limeshikwa na fremu ya chuma na kuzibwa kwa puti ya madirisha, limejaa maji, na ndani yake samaki hai.

Walikuwa furu, wale samaki wadogo wa ziwani ambao wavuvi huwatupia watoto wakaange. Lakini sijui kama kuna mlaji wa furu aliyewahi kumtazama akiwa hai nyuma ya kioo. Dume lilikuwa la bluu ya kiberiti kinapowaka, mkia mwekundu, na lilitembea juu ya mchanga wake kama mwenye shamba. Mchanga wenyewe uliletwa na lori la dagaa kutoka ufukwe wa Kalemela, mweupe, wenye chembe zinazometa ukipigwa na mwanga wa mlango. Mzee Hamisi alijifunza mambo hayo ujanani kwao, alipomfanyia kazi mtu aliyekusanya samaki wa rangi na kuwasafirisha nje. Nilipofika, kazi ya kuwasafishia ilikuwa imeanza kumshinda. Alisema ni mgongo. Wiki ya pili aliniomba nimsaidie, nami nilikubali kwa kuwa jioni zangu zilikuwa ndefu.

"Hawa hawatolewi," aliniambia siku ya kwanza. "Ukimtoa samaki ili umsafishie nyumba, umeshamwua nusu. Unasafisha yeye akiwemo." Alinipa mpira mwembamba, wa urefu wa mikono miwili. Nilizamisha ncha moja majini, nikavuta hewa kwa mdomo kwenye ncha ya pili mpaka maji yalipokaribia meno, nikaishusha haraka ndani ya ndoo iliyokuwa sakafuni. Ncha iliyobaki majini niliishika juu kidogo ya mchanga. Mavi ya samaki, makombo ya pumba na majani yaliyooza vilipanda kwenye mpira kama moshi. Mchanga ulipoanza kupanda navyo, nilibana mpira kwa dole gumba, ukaanguka tena mahali pake. Mzee alisimama pembeni, amegusa kioo kwa kidole, akisikiliza maji yakiingia ndooni. "Robo tu kwa leo," alisema. "Robo nyingine wiki ijayo. Humo mchangani kuna vitu hai usivyoviona, ndivyo vinavyokula uchafu. Ukiuosha wote kwa mara moja, maji yanabaki hayana mwenyewe." Sabuni ilikuwa haramu karibu na sanduku lile, na ndoo yake haikuingia jikoni. Maji ya kujazia yalitulia kwanza kwenye pipa lililokuwa uani, yakawa na joto sawa na yale ya ndani, na niliyamimina polepole juu ya sahani ya bati ili yasichimbe shimo. Jambo la mwisho alilonifundisha nililiona dogo wakati huo. "Ile kona ya nyuma, chini ya jiwe kubwa, usiiguse."

"Kwa nini, baba?"

"Mchanga wa pale ni mzito, umekaa miaka. Wewe usiiguse tu."

Nikiitazama kona ile kupitia kioo, niliona mchanga wake wa chini ulikuwa mweusi kama masizi, wakati kwingine kote ulikuwa mweupe. Nilikaa nayo akilini. Nilikuwa msichana aliyezoea kuambiwa sababu, na mtu anayekunyima sababu anakupa kazi ya kuitafuta. Nikaanza kumtazama Mzee Hamisi kwa jicho la pembeni. Niligundua kwamba alifunga duka kabla jua halijashuka vizuri, wakati maduka mengine ndiyo yalikuwa yanapata wateja waliotoka shambani. Niligundua kwamba hakuwasalimu watu wa upande wa pili wa barabara hata wakimpungia mkono, na wao walimwona mwenye maringo. Ofisa wa biashara alipoleta karatasi za mgao wa sukari, Mzee alizipokea, akazipapasa, akampa mkewe. "Saada, nisomee, miwani yangu imevunjika." Miwani hiyo ilikuwa imevunjika tangu nilipofika. Na kila jioni, tukiwa mbele ya samaki, aliniuliza maswali ya ajabu. "Dume liko wapi sasa?" Nami nililiona pale pale, mbele ya pua yake. Nilimjibu, lakini moyoni nilijiuliza ananipima nini.

Mjini nako walikuwa wakimpima. Kisimani nilisikia wanawake wakinung'unika kwamba samaki wa Mzee Hamisi wana pipa zima la maji na watu wanapanga foleni. Mmoja alisema wale si samaki, ni majini aliyokuja nayo kutoka Ujiji. Katika chumba cha walimu, wakati wa chai isiyo na sukari, mwenzangu mmoja aliniuliza, akiwa anatazama dirishani, kama ni kweli mzee yule hufuga samaki asiowala. Nikasema ni kweli. "Sasa mtu mwenye akili anafuga samaki wa nini?" aliuliza, na hakuna aliyecheka. Siku hizo ukiwa na duka lako mwenyewe ulikuwa tayari nusu mshitakiwa. Ulitajwa kwenye mikutano kuwa kupe, mnyonyaji, na duka la ushirika lilikuwa linasubiri pa kufungulia milango. Haukupita muda neno lenyewe likatoka, na lilitoka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, mtu mnene mwenye sauti laini, ambaye kila alipokuja dukani alichungulia sebuleni kabla ya kusema anachotaka. Chini ya mchanga ule, alisema, kuna almasi. Mzee alikuwa akienda Shinyanga kuchukua bidhaa, na Shinyanga kuna machimbo. Na nani ataingiza mkono kwenye maji yenye majini?

Nilijiambia ni upuuzi. Halafu alasiri moja nilikuwa chumbani nasahihisha madaftari, nikasikia Bi. Saada sebuleni akisema kwa sauti ya chini, "Huyu msichana ana macho. Iko siku atajua." Mzee akajibu, "Akijua atasema. Na akisema, tumekwisha." Kalamu ilisimama. Nikaitazama ile nafasi kati ya ukuta na paa kana kwamba maneno yangeonekana yakipita. Sasa nilikuwa na kona nyeusi nisiyoruhusiwa kuigusa, na siri ambayo nikiijua mimi wao wamekwisha. Jioni ile nilipokaa nao kula, ugali wa ule unga wa njano wa msaada na nsansa, mboga ya majani iliyokaushwa, nilimega matonge mawili tu nikanawa. Bi. Saada aliliona hilo. Kesho yake aliniletea chakula changu chumbani, kwenye bakuli la peke yake. "Nimeona umechoka, mwalimu," alisema, lakini uso haukuwa wa mtu anayemhurumia mwingine. Nilijua wameanza kunihofu. Kwao mimi nilikuwa mtumishi wa serikali, Msukuma wa huku huku, mgeni katika nyumba yao, na kila nilipotoka kwenda shuleni walijiuliza nakwenda kumwambia nani.

Walikuja Jumamosi asubuhi. Ofisa mmoja kutoka mkoani aliyevaa suti ya kaunda, balozi nyuma yake, na mgambo watatu wenye marungu. Bi. Saada alikuwa anasonga ugali, akatoka na mwiko mkononi. Ofisa hakukaa. Alilitazama sanduku, akawageukia mgambo, akasema, "Limwageni uani."

Hakuna aliyesogea. Mmoja alitazama chini, mwingine akahamisha rungu kutoka mkono huu kwenda huu. "Bosi," alisema yule mrefu, ambaye baadaye nilimjua kuwa ni Masunga wa kijiji cha Shishiyu, "hayo maji watu wanasema mabaya. Sisi tuna watoto."

"Mnaogopa samaki?"

"Samaki siogopi, bosi. Naogopa kisicho samaki."

Ofisa alimtazama balozi, balozi akarudi hatua moja. Mzee Hamisi alisimama mlangoni, uso umeelekea mahali pasipo na mtu. Nikajisikia nasema, na mpaka leo sijui kama nilisema kwa kumtetea au kwa kutaka kujua mwenyewe. "Mimi huwa naingiza mkono humo kila wiki. Nitaupekua mchanga wote, ninyi mkitazama. Lakini si kwa siku moja." Nilimweleza ofisa kwamba uchafu wa chini ukivurugwa wote pamoja, maji yataharibika na samaki watakufa, na kwamba nitafanya robo kwa wiki, kila kiganja cha mchanga nikikipitisha kwenye sahani mbele ya shahidi wake. Akasema samaki si shida yake. Nikamjibu kwamba basi aingize mkono yeye. Nilikuwa na miaka ishirini na sijui nilipata wapi ulimi ule. Alinitazama kwa muda, akatazama maji, kisha akasema ana safari ya vijijini hata hivyo, na kwamba mgambo mmoja atakaa hapa mchana kutwa, na mlango wa sebule utafungwa kwa kufuli lake usiku, mpaka robo ya mwisho itakapopekuliwa mbele yake. Akamnyooshea Masunga kidole. "Wewe mwenye watoto. Kaa ulinde mchanga."

Kwa hiyo tukawa na mgambo sebuleni. Alipewa kigoda karibu na mlango, akakaa na rungu magotini, akatazama sanduku kama mtu anayelinda ng'ombe wa kesi. Nyumba nzima ilianza kuzungumza chini chini. Bi. Saada alimpa chai kwa kuwa hakuweza kumnyima mgeni, lakini aliipima kwa jicho, na Masunga naye hakuinywa mpaka aliponiona mimi nimekunywa ya kwangu. Alitazama tulichokula, nani aliingia dukani, nani alitoka. Wakati wa kusafisha alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Nilivuta uchafu kwa mpira, kisha nikachota mchanga wa juu kwa kikombe, kidogo kidogo, nikautandaza kwenye sahani ya bati, akaupekua kwa ncha ya kijiti, nikaurudisha. Robo ya kwanza tulipata konokono wakavu na mfupa wa samaki. "Bado," alisema Masunga, kama anayejitia moyo.

Mtu akikaa na viumbe mchana kutwa hawezi kuendelea kuwaogopa. Baada ya siku kadhaa nilimkuta amegeuza kigoda kuelekea kioo. Akaanza kuwapa majina, kama walivyofanya kwao kwa ng'ombe, kwa rangi na kwa tabia. Mwenye madoa akamwita Mabala. Siku moja aliniita kwa mkono, bila sauti. Jike moja lilikuwa limejitenga nyuma ya majani, taya limevimba, halili. "Huyu anaumwa, mwalimu. Mmemlisha nini?" Nikaona jinsi alivyoniangalia, anadhani tumemwekea kitu tumsingizie yeye. Nilimweleza alichonieleza Mzee, kwamba jike la furu hubeba mayai yake mdomoni na watoto pia, na halili mpaka wawe tayari. Hakuamini. Lakini kila asubuhi alipofika, salamu ya kwanza ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," alimpa Bi. Saada, kisha akaenda moja kwa moja nyuma ya majani. Nilisogeza mpira mbali na upande ule wiki hiyo ili asishtuke akawatema kabla ya wakati, na Masunga ndiye aliyenikemea nilipokaribia mno. Siku jike lilipofungua mdomo, watoto wakatoka kama chembe za mtama, kisha kivuli cha mkono wake kikapita na wote wakarudi mdomoni mwa mama, mgambo yule alishika kichwa kwa mikono miwili. "Nani atanisadiki Shishiyu?" alisema.

Siri ya nyumba ile haikutoka mchangani. Ilitoka siku Masunga alipohamisha kigoda. Alikuwa ametaka kuwaona watoto wa samaki kwa upande mwingine, akakiacha kigoda katikati ya njia ya kwenda dukani, akasimama. Mzee Hamisi alitoka uani kwa ile hatua yake ya haraka, hatua ya mwenye nyumba, jicho limefunguka wazi, akakipiga kigoda kwa mguu na kuanguka kifudifudi. Hakuna giza lililoweza kusingiziwa. Mlango ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka katikati. Masunga alimwinua. Akiwa bado amemshika mabega, alipitisha kiganja polepole mbele ya macho yale, mara moja, mara ya pili. Macho hayakupepesa. Kisha Masunga akageuka akanitazama, na mimi nikamtazama, na maswali yote niliyokuwa nayo juu ya Mzee, duka linalofungwa mapema, miwani iliyovunjika, salamu zisizojibiwa, dume la samaki lililo mbele ya pua, yakapata jibu moja. Mzee alijipangusa vumbi. "Nani ameweka kitu hapa?" aliuliza kwa ukali. Masunga akasema, "Mimi, baba. Samahani," akakirudisha kigoda mahali pake na kukaa, rungu magotini.

Bi. Saada alikuwa ameona kutoka jikoni. Alinifuata chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani kwangu kwa mara ya kwanza. Alisema macho yalianza kupotea mvua za mwaka uliotangulia, na sasa Mzee anaona mwanga na vivuli tu. Walificha kwa kuwa leseni ya duka ilikuwa kwa jina lake, na nani atamwachia kipofu mgao wa serikali wakati wenye macho wanautaka? Wangesema pia majini yamemla macho. "Sasa mgambo anajua," alisema, akilia bila sauti. "Na wewe unajua. Tuambie basi mtasema lini, tujiandae." Nilimwambia sitasema. Nilimwona akitaka kuniamini na akishindwa. Kuhusu Masunga sikuwa na la kumwambia, maana mimi mwenyewe sikulijua. Siku zilizofuata alikuja, akatusalimu, akakaa. Hakuuliza chochote. Tulimchunguza zaidi kuliko alivyotuchunguza sisi. Alipokohoa tulisimama. Alipotoka kwenda kuongea na balozi barabarani, Bi. Saada alisimama nyuma ya mlango wa duka akijaribu kusoma midomo yao, na chai ya jioni ile aliiunguza.

Ofisa alirudi kwa ajili ya kona. Safari hii sebule ilijaa, na balozi alijipenyeza mpaka mbele. Mzee Hamisi alikuwa ameniambia asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, sababu kamili ya kona: mchanga mzito uliokaa bila kuguswa hutunza hewa mbaya chini yake, na ukiufumua kwa pupa hewa ile hutoka yote na kuua kila kilichomo. Nilikuwa na aibu kidogo kwamba ilikuwa rahisi hivyo. Kwa hiyo nilianza kwa kuvuta uchafu wa juu, kisha nikalisogeza jiwe taratibu, nikachota kijiko baada ya kijiko kutoka ukingoni kuelekea ndani, nikipumzika kila mara mpaka maji yaonekane safi, na Masunga, bila kuagizwa, alitoa maji machafu na kuleta masafi kutoka pipani. Vipovu vilipanda. Harufu ya mayai yaliyooza ilijaa chumba, na balozi akaziba pua kwa shati. Ofisa alivumilia. Jua lilihama kutoka mlangoni mpaka ukutani. Mwisho nilifika kwenye kioo cha chini. Hapakuwa na kitu, ila kokoto za ziwani, na moja kati yao ilikuwa nyeupe na inapitisha mwanga. Ofisa aliinyakua kwenye sahani, akaifuta kwa leso, akaiweka kiganjani mbele ya uso wa Mzee Hamisi.

"Na hii?"

Mzee aligeuza uso kuelekea sauti, lakini juu kidogo ya mkono, na nilimwona balozi akianza kukunja macho kwa mashaka. Ndipo Masunga aliposema kwa sauti kubwa ya kijinga, kama mchungaji anayejibu asichoulizwa, "Ah, bosi, hako kajiwe keupe kama yai la njiwa! Si hayo yamejaa ufukweni Kalemela, watoto wanachezea?"

"Nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna, bosi."

"Ni jiwe la ziwani," alisema Mzee Hamisi, na sauti yake ilikuwa imetulia. "Lakini usiniamini mimi, bwana mkubwa. Lichukue, ukalipime."

Alilichukua. Hakurudi tena, wala hatukusikia habari ya jiwe. Samaki wawili walikufa wiki ile, wote wakubwa. Wengine walipona, na watoto wa lile jike walikua. Masunga aliondolewa kwenye mgambo kabla ya mwezi kwisha, kwa kosa la kusema mbele ya mkubwa, akarudi Shishiyu kwenye pamba na ng'ombe. Alikuja kuaga akiwa na shati la kawaida na kibuyu cha maziwa ya mgando. Nakumbuka Mzee alikataa kutoka. "Ametumwa," alisema kutoka chumbani. "Mtu hakusaidii bure." Masunga aliyasikia, maana ukuta ule haukuficha kitu. Alikitua kibuyu mezani, akawatazama samaki kwa muda, akaenda. Bi. Saada alikimbia akamfikia barabarani, akamshika mikono yote miwili mbele ya watu. Nilichomwuliza pale Binza, miaka hii yote baadaye, ni kwa nini hakusema. "Ningemsemea nani?" alijibu. "Yule ofisa alitaka almasi. Mimi niliona mtu ameanguka."

Sijui ni maziwa yale yaliyomfanyia kazi Mzee Hamisi, au ni kuchoka. Siku chache baadaye alimwambia mkewe asimame nyuma ya kaunta, na yeye akatoa kiti nje, akakaa kwenye kibaraza cha duka mchana kweupe, na kila aliyepita alimwambia, "Mimi sioni. Ukinisalimu, taja jina lako." Mji ulistuka. Tulisubiri waje kuchukua leseni, na karatasi zikaja kweli, lakini zikaandikwa upya kwa jina la Bi. Saada, na duka likaishi. Watu walijifunza kutaja majina yao. Wanawake wa kisimani walipita wakayataja, wengine kwa haya. Mwalimu mwenzangu alitaja la kwake.

Mchana mmoja wa jua kali nilikuwa nimekaa karibu na Mzee nikichambua mchele, nikamwona balozi akija. Alipokaribia alisimama, akatutazama mimi na Bi. Saada aliyekuwa dirishani, kisha akainama, akavua katambuga zake za matairi, akazishika mkononi, na akaanza kupita mbele yetu akikanyaga kwa ncha za vidole juu ya udongo unaowaka, uso umekunjamana kwa maumivu, ili kipofu asimsikie. Mzee Hamisi aliinua kichwa.

"Mwalimu, kuna mtu?"

"Yupo balozi, baba," nilisema. "Amevua viatu."

Balozi aliganda, mguu mmoja hewani.

"Mwambie avae," alisema Mzee. "Chini kunaunguza."